Kabla Kadi Hazijachapwa: Maswali ya Wachumba

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliokwisha kukubaliana kuoana na sasa wanahesabu miezi. Tumezipunguza urefu na majina tumeyaondoa. Waliouliza habari za siku ya harusi tumewajibu kwa kifupi. Nafasi kubwa tumeipa asubuhi ya pili yake: madeni, vipimo, na nani anamlipia nani.

Shikamooni wahariri. Tumebakiza miezi mitano. Kila tukikaa na mwenzangu tunaishia kwenye nguo na idadi ya wageni. Nikigusa mambo ya maisha anasema, "Hayo tutayajua tukishaingia." Nianzie wapi bila kuonekana namhoji kama askari?

Anzia kwenye karatasi. Kila mmoja achukue yake, mjibu maswali yaleyale kila mtu peke yake, kisha mbadilishane. Anayesema wa kwanza humvuta mwenzake: ukitamka "mimi watoto wawili", aliyekuwa na watano kichwani atajibu "hata mimi wawili wananitosha", na wale watano watajitokeza mwaka wa nne wa ndoa. Karatasi haina haya.

Swali liwe na tarakimu au tarehe ndani yake. "Unapenda watoto?" halina faida, maana hakuna mchumba atakayejibu hapana. Uliza wangapi, wa kwanza baada ya muda gani, mkikaa miaka miwili bila mimba mtafanya nini, na mtoto akiwa mchanga nani atapunguza saa za kazi. Makazi nayo ni hivyohivyo: mmoja akipata kazi mji mwingine mwaka wa pili, nani anamfuata nani? Kama imani zenu ni mbili, mtoto atalelewa katika ipi?

Kikao kimoja kibebe jambo moja, saa moja hadi moja na nusu. Msikae usiku mmoja akiwa amechoka, msiyaongelee kwenye simu, wala msianze dakika 20 kabla ya mmoja kuondoka. Kikao kimoja kwa juma, kwa miezi mitano, ni vikao kama 20. Mada zenyewe ni saba au nane, kwa hiyo mna nafasi ya kurudia zilizokwama. Kipato na madeni vitangulie, kwa sababu vinabadili majibu ya mengine yote. Mtu mwenye marejesho ya mkopo kwa miaka mitatu ijayo hana jibu sawa na asiyedaiwa, akiulizwa lini apate mtoto au apange nyumba ya namna gani.

Kazi za nyumbani watu huzipita haraka, nasi tunaona huko ndiko ugomvi mdogomdogo unakozaliwa. Chukueni siku moja ya kawaida, toka saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, muiandike saa kwa saa. Nani anaamka wa kwanza, nani anaosha vyombo vya usiku, nani anafua, nani anakumbuka kwamba sabuni imekwisha. Hilo la mwisho halionekani, lakini ndilo zito kuliko yote. Ukisoma neno "nitakusaidia" kwenye karatasi ya mwenzako, mrudishie aandike upya, kwa maana anayesaidia anajiona mgeni kwenye kazi hiyo. Kila mstari uwe na jina la mwenyewe.

Na akikujibu tena "tutayajua tukishaingia", mwambie hutaki majibu ya mwisho, unataka kujua anaanzia wapi. "Sijui bado" ni jibu halali, mradi liandikwe hivyo na liwekewe tarehe ya kurudiwa.

Mchumba wangu anataka tukishaoana mishahara yote iingie akaunti moja. Mimi napata kidogo kuliko yeye, naogopa. Isitoshe, juzi rafiki yake aliteleza ulimi akataja mkopo ambao mimi siujui. Namuulizaje?

Anza na mkopo, akaunti itafuata. Mletee taarifa zako mwenyewe kwanza: hati ya mshahara, akiba, unachodaiwa hata kama ni kidogo. Kisha omba zake. Mtu aliyewekewa karatasi mezani huona aibu kurudisha maneno matupu.

Kwa kila deni mtake taarifa iliyotolewa na mkopeshaji, maana kumbukumbu ya kichwani hupunguza. Tazameni vitu vitano: salio lililobaki, rejesho la kila mwezi, tarehe ya rejesho la mwisho, adhabu ya kuchelewa, na kilichowekwa dhamana. Ulizeni pia kama amemdhamini mtu mwingine. Udhamini ndio deni linalosahaulika kutajwa, kwa sababu mdhamini hajioni kama anadaiwa mpaka siku aliyekopa aache kulipa. Madeni ya mdomo, kwa rafiki au kwa ndugu, nayo yaandikwe.

Angalieni riba inavyohesabiwa. Mkopo wa 1,200 kwa miezi 12 kwa asilimia 20 kwa mwaka una sura mbili. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, utalipa 240 juu ya ulichokopa. Ikipigwa juu ya salio linalopungua kila mwezi, utalipa kama 134. Asilimia ni ileile, ila mzigo wa kwanza unakaribia kuwa mara mbili ya wa pili. Kama kuna fedha ya kupunguza deni kabla ya ndoa, ulizeni kwanza mkopo upi ukilipwa mapema utapunguza riba kweli, kwani mingine haipunguzi kitu.

Sasa akaunti. Tuseme yeye anapata 900, wewe 600, na matumizi ya nyumba ni 1,000 kwa mwezi. Mkigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 500; wewe unabaki na 100, yeye na 400. Mkigawana kwa uwiano wa kipato, yeye anatoa asilimia 60, yaani 600, wewe asilimia 40, yaani 400. Mnabaki na 300 na 200. Kwa wanaoanza tunapendelea hesabu hii ya pili, pamoja na mifuko mitatu: mmoja wa nyumba, mmoja wake, mmoja wako. Kinachobaki mfukoni mwa mtu hakiulizwi. Mfuko wa nyumba nao uwe na kiwango ambacho juu yake hakuna anayetoa bila kumwambia mwenzake.

Amueni vilevile madeni ya kabla ya ndoa yatalipwa kutoka mfuko upi. Hakuna jibu moja kwa wote, lakini kukaa kimya ni kuyaacha yajilipe kutoka mfuko wa nyumba bila mtu kuamua.

Miezi miwili ya mwisho ya uchumba ijaribuni bajeti hiyo mkiwa bado mbalimbali. Kila mmoja aandike kila anachotumia, hata vocha na nauli. Karibu kila mtu hugundua kwamba vitu vidogo vinakula zaidi ya alivyokisia, na ni nafuu mgundue kabla ya kusaini mkataba wa nyumba kwa kodi iliyopangwa kwa makisio.

Mwenzangu anasema kupima afya ni kutoaminiana. Vipimo gani hasa vinahitajika, na lini?

Kuaminiana hakuonyeshi kilichomo kwenye damu. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kuwa na vinasaba vya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, alivyopewa na wazazi bila kuumwa hata siku moja. Mwambie hivyo, kisha mwende pamoja, miezi sita kabla ya harusi ikiwezekana. Wengi huenda wiki mbili kabla, kadi zimekwisha kusambazwa, na jibu lolote linageuka kuwa kitanzi.

Kabla ya kutoa damu kubalianeni mambo mawili. La kwanza, majibu ni ya mwenyewe, na hakuna wa kumlazimisha. La pili, mtafunguliana lini na wapi. Ombeni mshauri awape mkiwa pamoja kama wote mmeridhia.

Selimundu, au sikoseli. Majibu huandikwa kwa herufi. AA hana, AS amebeba lakini si mgonjwa, SS ni mgonjwa. AS akioa AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS. AS wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto SS, 50 wa AS na 25 wa AA. Tunasisitiza kila mimba. Wapo wanaoamini kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Damu haina hesabu ya zamu. SS na AS, uwezekano wa mtoto mgonjwa ni nusu kwa kila mimba. SS na AA watazaa watoto AS watupu. Ipo pia herufi C, ambayo ikikutana na S huleta ugonjwa wa aina hiyohiyo.

Hapa kuna kosa la maabara la kujihadhari nalo. Kipimo kile cha haraka cha kuangalia kama S ipo hakitenganishi AS na SS, na C hakiioni kabisa. Ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, yaani hizo herufi A, S na C. Na kama mmoja ameongezewa damu miezi mitatu iliyopita, aseme, maana kipimo kinaweza kusoma damu ya aliyemchangia.

Wote wawili wakiwa AS, uamuzi ni wao. Wapo wanaoachana, wapo wanaoendelea wakijua kwamba mimba inaweza kupimwa mapema, na wapo wanaokubali kulea mtoto anayehitaji kliniki maisha yake yote. Hatumsukumi mtu upande wowote. Tunalosema ni kwamba mtu apewe nafasi ya kuamua akiwa bado mchumba.

VVU. Vipimo vya haraka vya damu ya kidole vinaweza kuchukua hadi siku 90 tangu mtu aambukizwe kuonyesha jibu. Kipimo cha maabara kinachotafuta protini ya virusi pamoja na kinga ya mwili, kwa damu ya mshipani, huona kati ya siku ya 18 na ya 45. Maana yake ni kwamba jibu hasi la leo linaeleza yaliyopita tu. Pimeni, rudieni baada ya miezi mitatu, na katikati msijiweke kwenye hatari. Mmoja akikutwa navyo, ndoa haijafungwa mlango: anayemeza dawa za kufubaza virusi bila kukosa, na vipimo vikaonyesha virusi havionekani tena kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mpaka kiwango hicho kifikiwe na kithibitishwe, kuna kondomu na dawa kinga kwa asiye navyo.

Homa ya ini B huambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana, na watu wengi huipuuza. Ambaye hana virusi wala kinga apewe chanjo. Ratiba ya kawaida ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda mapema. Mama akiwa na virusi hivyo, mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Pimeni na kaswende na magonjwa mengine ya zinaa. Mengi yanatibika, na tibuni wote wawili kwa wakati mmoja, la sivyo mtarudishiana.

Kuhusu kundi la damu kuna hofu nyingi zisizo na msingi. Mmoja kuwa O na mwingine A hakuzuii ndoa. Kinachoangaliwa zaidi ni alama ya Rh, ile chanya au hasi inayofuata herufi ya kundi. Mama akiwa hasi na baba chanya, mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, na kwa kawaida madhara huonekana mimba ya pili na kuendelea. Dawa ipo: sindano karibu na wiki ya 28 ya mimba, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Mimba ikiharibika pia mama aulizie sindano hiyo, jambo linalosahaulika sana. Si sababu ya kuvunja uchumba. Ni sababu ya kuandika kundi lako mahali pa kulikumbuka.

Nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Tunataka mtoto mara tu baada ya harusi. Niache lini?

Mapema, dada. Sindano hiyo ndiyo njia inayochelewesha zaidi kurudi kwa uwezo wa kushika mimba. Wengi huchukua miezi kadhaa, na wengine hukaribia mwaka tangu sindano ya mwisho. Vidonge, vijiti na kitanzi havina ucheleweshaji huo. Ukitaka kinga ya kukufikisha harusini, zungumza na mhudumu uhamie mojawapo. Anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku angalau mwezi mmoja kabla ya kujaribu, uendelee mpaka wiki ya 12 ya mimba. Na kama utachanjwa rubela, ngoja mwezi mmoja baada ya chanjo ndipo ushike mimba.

Tulianza na wageni 200, sasa ni 260 na bado majina yanaongezeka. Bajeti tuliyopanga inatosha?

Haitoshi. Gawanyeni bajeti mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vinavyoenda kwa vichwa: chakula, vinywaji, viti, kadi. La pili ni vya mara moja: ukumbi, picha, muziki, nguo. Wageni 60 wa ziada wamepandisha fungu la kwanza kwa asilimia 30. Kwa meza za watu kumi mmeongeza meza sita, na kama ukumbi wenu ni wa watu 220 umekwisha kuwa mdogo, kwa hiyo hata fungu la pili litatikisika. Wekeni pembeni asilimia 10 ya jumla kwa yasiyotarajiwa. Hesabuni fedha iliyopo mkononi tu. Ahadi ya mtu iingie kwenye hesabu siku atakapoitimiza. Kwenye kila mkataba someni saa ya kuanza na kumaliza, malipo ya saa ya ziada, na malipo ya awali yanarudishwa kwa masharti gani.

Mkopo wa kuziba pengo la harusi hatuushauri. Marejesho yake huanza mwezi uleule mnaohamia pamoja, na huo ndio mwezi wa kununua godoro.

Mchumba wangu hutuma fedha kwa mama yake na wadogo zake kila mwezi. Sina ubaya, ila nikiuliza kiasi anakasirika.

Anakasirika kwa sababu anasikia "utaacha lini?" hata kama hukusema hivyo. Geuza swali: "Tuandike kiasi gani kwa ajili ya mama, tusije tukakisahau?" Hapo msaada unakuwa mstari wa bajeti, wenye kiasi na jina la anayepokea. Kwa wadogo wanaosoma wekeni mwaka wa kumaliza. Tengeni mfuko mdogo wa dharura za ndugu wa pande zote mbili. Ukikauka, mnajibu kwa pamoja kwamba mwezi huu hakuna. Na kila mmoja awajibu watu wake. Ukimwachia mwenzako akamwambia mama yako hapana, umemtafutia lawama za miaka kumi.

Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja tofauti na kitambulisho. Ni tatizo?

Ndiyo, na si dogo. Lisahihishe sasa, kabla cheti cha ndoa hakijabeba kosa lilelile na kulipeleka kwenye vyeti vya watoto. Aliyewahi kuoa au kuolewa atafute mapema hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzi wake.

Mchumba wangu anapekua simu yangu kila jioni, hataki nionane na rafiki zangu, na mwezi uliopita alinisukuma ukutani. Aliomba msamaha akalia. Kadi zimeshatoka. Watu wananiambia ni wasiwasi wa harusi tu.

Wasiwasi wa harusi humfanya mtu akose usingizi, akose hamu ya kula, aulize maswali yaleyale mara kumi. Haumsukumi mwenzake ukutani. Kupekua simu, kukutenga na watu wako na kukugusa kwa nguvu ni mambo yanayokwenda pamoja, na baada ya ndoa kwa kawaida huzidi, kwa kuwa kuondoka kunakuwa kugumu zaidi.

Ahirisha. Usimwambie mkiwa peke yenu, wala usimwambie usiku. Mwambie kwanza mtu mmoja wa kwenu anayesikilizwa na asiyetishika, naye awepo siku ya kusema. Huhitaji kutoa hoja zote. "Siko tayari, tarehe nimeiondoa" inatosha, na ukianza kueleza sana utajikuta mnajadiliana. Wenye ukumbi na wapishi wapigiwe simu siku hiyohiyo, kwa sababu kiasi kinachorudishwa hupungua kadiri tarehe inavyokaribia. Kadi zilizotoka zitafuatwa na ujumbe mfupi kwa wageni, mistari miwili bila maelezo.

Vyeti vyako, kitambulisho na kadi ya benki vikae kwa huyo mtu wenu kabla ya siku ya kusema, na namba za siri ubadilishe zote, kuanzia ya simu.